Nyumba za Sala Zilizoachwa: Mawe ya Kilwa na ya Wharram Percy Yatufundisha Nini?

Ukuta wa zamani wafanana na daftari la parokia. Katika daftari huandikwa waliobatizwa, waliooana na waliokufa. Katika ukuta nako huandikwa mambo hayohayo, walakini si kwa wino. Watu wakiongezeka, ukuta hubomolewa na mwingine hujengwa mbele zaidi. Watu wakipungua, matao huzibwa kwa mawe. Watu wakihama kabisa, mti huota juu ya paa, na mizizi yake hushuka polepole kutafuta udongo. Ajuaye kusoma alama hizo aweza kuwajua watu ambao hawakuacha hata barua moja.

Katika makala hii twataka kusoma pamoja na wasomaji wetu, na hasa wanafunzi, majengo mawili ya namna hiyo. La kwanza ni la Waislamu, nao ni Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, katika pwani ya kusini ya Tanzania. La pili ni la Wakristo, nalo ni kanisa la Mtakatifu Martino katika kijiji cha Wharram Percy, Uingereza. Yote mawili ni ya Enzi za Kati, yaani zamani kabla ya mwaka 1500. Na yote mawili hayana tena watu wa kuyajaza.

Labda msomaji wa Bangboka atauliza: Mambo hayo yatuhusu nini sisi, tukaao katika msitu wa Tshopo, mbali na bahari na mbali zaidi na Uingereza? Twajibu kwamba yatuhusu kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni lugha hii tunayosoma. Ilitufikia kutoka pwani katika karne ya 19, pamoja na misafara ya wafanya biashara wa pembe na watumwa. Mwaka 1887 mmoja wao, Tippu Tip mzaliwa wa Unguja, alifanywa liwali wa Stanley Falls, ndipo Kisangani ya leo. Basi habari za pwani ni habari za jamaa wa maneno yetu, za heri na za shari pia. Sababu ya pili ni kwamba sisi nasi tu wajenzi. Tangu Padre Gabriel Grison alipoanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli mwaka 1897, watu wa nchi hii hawajaacha kufyatua matofali, kupasua mbao na kupandisha mapaa kwa ajili ya nyumba za sala. Ajengaye yampasa kujua jinsi majengo yanavyoishi na jinsi yanavyokufa.

Wala asishangae mtu kwamba gazeti la Wakristo lasoma msikiti. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965, ulisema wazi kwamba Kanisa lawaheshimu Waislamu. Nasi twaweza kuingia katika nyumba yao ya kale kwa adabu, kama mgeni aingiavyo nyumbani kwa jirani.

MAWE YATOKAYO BAHARINI

Mjenzi mwenye akili hutazama kwanza nchi yake ina nini. Sisi tuna udongo mwekundu na kuni nyingi, kwa hiyo twachoma matofali. Watu wa Kilwa hawakuwa na udongo mzuri wa matofali, bali walikuwa na matumbawe, mawe yale yanayojengwa baharini na viumbe vidogo sana. Matumbawe ya kale, yaliyobaki nchi kavu, ni magumu na yana matundu. Hayo walijengea kuta. Matumbawe mabichi yaliyokatwa chini ya maji ni laini, yaweza kuchongwa kwa urahisi, kisha yakipigwa na upepo hukauka na kuwa magumu. Hayo waliyachonga mihrabu, miimo ya milango na mapambo.

Chokaa nayo ilitoka katika matumbawe. Walipanga magogo mengi kama meza ya duara, wakaweka mawe juu yake, wakatia moto. Yale mawe yaligeuka kuwa unga mweupe, ambao ukichanganywa na maji na mchanga hushika kuta kwa karne nyingi. Kwa ajili ya paa walikata miti ya mikoko, ndiyo boriti, wakaitandaza juu ya kuta na kumwaga juu yake zege la chokaa na vipande vya matumbawe.

Hapo mwanafunzi na aangalie jambo moja. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba paa zito la namna hiyo ikiwa nafasi yapita kiasi cha meta tatu hivi. Kwa hiyo vyumba vya majumba ya kale ya pwani ni virefu lakini vyembamba. Si kwamba wenyeji walipenda kubanana. Mti ndio uliowapimia upana wa chumba. Na anayetaka ukumbi mpana, kama ule unaohitajika kwa sala ya watu wengi, hana budi kusimamisha nguzo katikati. Ndiyo maana msikiti wa Kilwa ni msitu wa nguzo.

SEHEMU NDOGO NA SEHEMU KUBWA

Msikiti huo wa Kilwa una sehemu mbili. Ya kaskazini ni ndogo, nayo ndiyo ya kale. Wachimbuzi waihesabu kuwa ya karne ya 11 au ya 12. Paa lake lilikuwa bapa, limebebwa na nguzo 9 zilizopangwa safu tatu tatu, zikaligawa paa katika miraba 16. Mihrabu yake yaelekea kaskazini, kwa sababu kwa mtu aliye Kilwa mji wa Makka uko kaskazini. Kwa karne kadhaa sehemu hiyo iliwatosha watu.

Kisha Kilwa ikatajirika. Dhahabu kutoka nchi ya Zimbabwe ilishuka pwani ya Sofala, na mfalme wa Kilwa ndiye aliyetoza ushuru wake. Mwanzoni mwa karne ya 14 akatawala Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye mwaka 1331 alimpokea msafiri mashuhuri Ibn Battuta wa Moroko. Mgeni huyo alimsifu sana mfalme kwa ukarimu wake kwa maskini, naye aliuita mji wa Kilwa mmojawapo wa miji mizuri. Sultani huyo alijenga jumba kubwa la Husuni Kubwa juu ya jabali kando ya bahari. Tena aliuongeza msikiti upande wa kusini kwa sehemu iliyo kubwa kuliko ile ya kwanza mara nyingi, pamoja na chumba chenye kuba kubwa kupita zote za pwani kwa muda wa karne nyingi.

Angalia vizuri jinsi alivyojenga. Hakuibomoa sehemu ya wazee. Aliiacha ile mihrabu mahali pake, akapanua nyuma yake, hata waliosali katika ukumbi mpya walikuwa wakielekea ule ukuta waliouelekea babu zao. Hiyo ni heshima kubwa, nayo imeandikwa katika mawe.

Lakini fahari ile haikudumu. Nguzo za ukumbi mpya zilichongwa kila moja katika jiwe zima la matumbawe, nazo zilipendeza macho. Walakini paa likaanguka. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 15 ukumbi ukajengwa upya kwa namna nyingine. Safari hii mafundi walijenga nguzo nene za mawe na chokaa, zenye pembe nane. Juu yake wakapindisha matao, na juu ya matao wakafunika miraba 30. Mingine waliifunika kwa kuba, mingine kwa paa la mviringo, kama pipa lililopasuliwa kwa urefu. Boriti zikaachwa, na uzito ukapitishwa kwenye tao, kutoka tao hadi nguzo, na kutoka nguzo hadi ardhi. Waliotangulia walijenga ili watu washangae. Waliofuata walijenga ili paa lisianguke. Sehemu kubwa ya kazi ya hao wa pili yaonekana hata leo, baada ya miaka 600 hivi.

KWA NINI WATU WALIONDOKA

Nyumba ya sala haifi peke yake. Hufa pamoja na mji wake. Na hapo sisi Wakatoliki yatupasa kusema kweli bila kuficha. Mwaka 1505, mwezi wa Julai, merikebu za Wareno chini ya Francisco de Almeida ziliuteka mji wa Kilwa. Habari zilizoandikwa na Wareno wenyewe zasema kwamba watawa wa Mtakatifu Fransisko walishuka pwani na misalaba miwili, wakaimba wimbo wa shukrani, na baada ya sala askari wakauteka nyara mji. Wareno walijenga ngome, wakaiacha mwaka 1512. Lakini biashara ya dhahabu ilikuwa imekwisha kuharibika. Kuimba sala na kisha kupora nyumba za watu ni aibu isiyofutwa na wimbo wo wote. Twaiandika hapa ili watoto wetu wajifunze kwamba msalaba haubebwi mbele ya wizi.

Mwaka 1587 wakaja Wazimba kutoka kusini, wakaua watu wengi kisiwani. Katika karne ya 18 mji ulipata nguvu tena kidogo, walakini kwa mali mbaya. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja jina lake Morice alifanya mapatano na sultani wa Kilwa, ili apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Basi baadhi ya kuta nzuri za kisiwa kile zililipwa kwa machozi ya watu wa bara. Katika miaka ya 1840 watawala wa Unguja walimwondoa sultani wa mwisho, akapelekwa Maskati. Biashara ikahamia Kilwa Kivinje, ng'ambo, katika nchi kavu. Kisiwani wakabaki wavuvi na wakulima wachache, na Msikiti Mkuu ukabaki kwa popo na mizizi.

KANISA LILILOPUNGUA

Sasa tuvuke bahari twende Uingereza, tukaone kwamba mambo hayo si ya bara moja wala ya dini moja. Huko, katika vilima vya Yorkshire, kipo kijiji kisicho na watu, Wharram Percy. Nyumba zake zimekwisha. Zabaki alama zake tu chini ya majani, kama matuta ya shamba la zamani. Jengo moja tu la Enzi za Kati lasimama bado, nalo ni gofu la kanisa la Mtakatifu Martino.

Kanisa la kijiji cha Kiingereza la zamani zile lilikuwa na mpango ambao mkristo wetu angeutambua mara moja. Altare ilikuwa upande wa mashariki, jua litokako. Mbele ya altare palikuwa na nafasi ya padre, kisha ukumbi wa waamini, na upande wa magharibi mnara wa kengele. Karibu na mlango palikuwa na jiwe la ubatizo, maana mtu huingia katika Kanisa kwa ubatizo. Kuta zilipakwa picha za watakatifu na za hukumu ya mwisho, ili wasiojua kusoma wapate mafundisho kwa macho yao.

Wachimbuzi waliofanya kazi huko tangu 1950 hata 1990 walichimba chini ya sakafu, wakakuta kanisa moja juu ya jingine. La kwanza lilikuwa la miti, katika karne ya 10. Lilifuatwa na la mawe. Watu wakaongezeka, katika karne ya 12 na ya 13 ukuta wa kusini ukatobolewa matao na kuongezwa ubavu mmoja, kisha ukuta wa kaskazini nao vilevile. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1348 tauni kubwa ilifika Uingereza, ikaua watu wengi mno katika nchi nzima. Baadaye wenye ardhi waliona kwamba sufu ya kondoo ina faida kuliko ngano, na kondoo wengi hawahitaji wachungaji wengi. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 1517 uliandika kwamba katika Wharram Percy nyumba nne ziliachwa zianguke na plau nne zikaachishwa kazi. Ndiyo kusema jamaa za mwisho walitolewa ili kondoo wapate malisho.

Na kanisa? Liliwafuata watu wake. Ubavu wa kusini ukabomolewa na matao yake yakazibwa. Ubavu wa kaskazini nao ukaondolewa. Hata sehemu ya altare ikafupishwa. Mtu akisimama leo nje ya ukuta wa kusini huona matao ya zamani yamejaa mawe, kama midomo iliyofungwa. Jengo lilikuwa kwanza dogo, likawa kubwa, likawa dogo tena. Hii ndiyo hesabu ya watu, imeandikwa na waashi.

Makaburi nayo yalisema. Mifupa ya watu karibu 700 ilichunguzwa na wataalamu, nao walitambua kwamba akina mama wa kijiji kile waliwanyonyesha watoto wao kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi. Hakuna kitabu kilichoandika jambo hilo. Wakulima maskini wa miaka mingi iliyopita waliwalea watoto wao kama wanavyolelewa wengi kwetu.

Kanisa lilidumu kwa sababu vijiji vya jirani vililitumia. Mwaka 1870 kijiji cha Thixendale kilipata kanisa lake, na waamini wakapungua tena. Ibada ya mwisho ilifanyika mwaka 1949. Mwaka 1959 sehemu ya mnara ikaporomoka. Miaka kumi tu ilitosha baada ya miaka elfu.

PAA NDILO LA KWANZA KUFA

Kwa nini jengo lililosimama karne nyingi laanguka upesi hivyo? Sababu ni ileile kwa Kilwa na kwa Wharram Percy. Ukuta hauogopi uzee. Ukuta waogopa maji. Paa likitoboka mahali pamoja, mvua huingia kichwani mwa ukuta, hulainisha chokaa na kuiosha. Ndege huleta mbegu katika ule ufa, mti huota, na mizizi hupanua mawe. Huko Kilwa ufuko nao uliliwa na bahari, yaani mawimbi yalikula nchi yenyewe chini ya baadhi ya majengo. Wazee wa pwani walikwisha kusema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Hawakusema methali tu. Walisema habari ya kazi waliyoijua.

Walakini kuachwa si lazima kuwe mwisho. Huko Uingereza mwaka 1969 ilianzishwa hazina ya kutunza makanisa yasiyo na waamini tena, na leo yatunza zaidi ya 350. Hufanya kazi isiyo na fahari, kama kuzibua mifereji, kubandika vigae na kukata majani. Katika makanisa mengine ya nchi ile picha za kale zimeonekana tena chini ya chokaa iliyopakwa juu yake katika karne ya 16, wakati serikali ilipoamuru ziondolewe. Chokaa iliyokusudiwa kuzifuta ndiyo iliyozihifadhi.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yaliandikwa na UNESCO mwaka 1981 kuwa urithi wa dunia nzima. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya yaliyo hatarini. Kisha kazi ikafanyika: kuta ziliimarishwa, majani yakaondolewa, na wenyeji wenyewe wakashiriki. Mwaka 2014 yakatolewa katika orodha ile ya hatari. Kwa hiyo twajua kwamba jambo hilo lawezekana, hata mahali pa watu wachache na mali kidogo.

NA SISI JE?

Nchi yetu ya Kisangani hupata mvua karibu kila mwezi wa mwaka. Makanisa yetu ni ya matofali ya kuchoma na mabati, na mengi yameona mambo mazito: maasi ya 1964, na vita vya siku sita vya Juni 2000, wakati majeshi ya nchi nyingine yalipopigana katikati ya mji wetu. Majengo yaliyopona mizinga yaweza kuangushwa na msumari ulioshika kutu.

Kwa hiyo twawaomba wazee wa kanisa na vijana wa kila kikanisa, cha Bangboka na cha kwingineko, wafanye mambo machache yasiyohitaji fedha nyingi. Kabla ya masika, mtu apande akaangalie misumari na matundu ya bati. Mifereji isafishwe, na maji ya paa yapelekwe mbali na msingi, maana matone yarukayo hula matofali ya chini. Mchwa utafutwe katika miti ya paa kabla haujafika juu. Mti ulioota karibu na ukuta ung'olewe ungali mchanga. Na wanaotaka kujenga kanisa kubwa zaidi wawakumbuke mafundi wa Kilwa: wahesabu kwanza uzito wa paa na nguvu ya nguzo, kisha ndipo wafikirie uzuri. Tena wasiharakishe kubomoa kilichojengwa na wazee, ikiwa chaweza kubaki kama ile mihrabu ya kale.

Nanyi wanafunzi, kazi yenu ni kusoma. Nendeni kwa kanisa la kale lililo karibu nanyi, mtazame ukuta. Tafuteni mahali ambapo rangi ya matofali yabadilika, mlango uliozibwa, dirisha lililopanuliwa. Kisha waendeeni wazee mkawaulize: Ni nani aliyefyatua matofali haya? Ni mwaka gani ukuta huu uliongezwa, na kwa nini? Andikeni majibu yao katika daftari. Watu wa Wharram Percy hawakuwa na mtu wa kuwaandika, ikawabidi wageni kuchimba makaburi yao miaka 40 ili wajue habari zao. Sisi wazee wetu wangali hai, na kuwauliza hakuhitaji jembe.

Mtume Petro aliwafananisha waamini na mawe yaliyo hai. Mawe ya Kilwa na ya Wharram Percy yathibitisha neno hilo kwa njia yao: watu walipoondolewa, kwa upanga, kwa biashara ya watumwa, kwa tauni, au kwa ajili ya kondoo, nyumba ya sala haikuweza kusimama kwa nguvu zake. Basi tuzibe nyufa za kuta, lakini kwanza tuzibe zile zinazowafukuza watu: chuki kati ya kabila na kabila, ulafi wa ardhi, na uvivu wa kuachia wengine kazi. Pasipo na watu wenye amani hakuna fundi awezaye kuliokoa paa.